Salvia ya kudumu kwa bustani ya Nairobi: panda, subiri, kata

Nairobi ni mahali pazuri mno pa kukuza salvia, na bado ndilo ua ninaloonyeshwa likiwa na hali mbaya kuliko mengine yote. Ninauza miche kando ya Barabara ya Kiambu, na asubuhi kabla ya kupanga biashara ninatunza bustani za watu kati ya Runda na Kahawa Sukari. Mteja mwenye malalamiko hutoa simu anionyeshe picha, na picha hizo hufanana: kichaka kikubwa, chini vijiti vitupu vya kahawia, juu majani haba, na masuke mawili matatu ya maua yamelalia njia. Swali lake ni aweke mbolea gani. Mmea huo haudai mbolea. Unadai mkasi.

Ulaya na Amerika ya Kaskazini, mkataji ni jalidi, yaani baridi ya kugandisha. Kwa salvia nyingi, majira ya baridi huua matawi yaliyo juu ya ardhi; mizizi hubaki hai, na joto likirudi mmea huchipuka upya kutoka chini. Nairobi hatuna kitu hicho. Baridi yetu ya Julai ni ya kuvaa sweta, haiui tawi. Kwa hiyo salvia yetu hukua juu ya tawi la mwaka jana, na la mwaka juzi, hadi shina la chini linageuka kuni na macho yake, pale panapochipuka tawi jipya, yanakufa. Miongozo mingi tunayosoma imeandikwa na watu ambao baridi imewafanyia nusu ya kazi. Hapa kazi yote ni yako, ndiyo maana habari ya kukata nitaikalia zaidi kuliko nyingine.

Ipi ya kupanda

Kuna karibu aina elfu moja za salvia duniani, na zote ni za ukoo mmoja na mnanaa na mrihani. Lishike shina kwa vidole viwili ulizungushe, utahisi pembe nne. Majani hutoka mawili mawili yakitazamana, na ukilifinya jani utapata harufu. Hata kwetu zipo za asili: Salvia nilotica na Salvia merjamie huota zenyewe kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki, ingawa ni mara chache utazikuta kwa wauza miche.

Ya kwanza ninayompa mtu ni Salvia leucantha, ile ya masuke marefu ya zambarau yenye manyoya laini. Asili yake ni Meksiko. Jiji la Meksiko liko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, na Nairobi iko karibu mita 1,800, kwa hiyo mmea wa milima ya kule haushangai ukifika hapa: jua kali mchana, usiku wa baridi, miezi ya mvua na miezi mikavu. Huko kwao huchanua zaidi siku zinapofupika kuelekea mwisho wa mwaka. Sisi tuko nyuzi moja na kidogo kusini mwa ikweta, mchana wetu ni kama saa 12 Januari hadi Desemba, basi ikitunzwa hutoa maua kwa awamu, awamu moja ikipisha nyingine.

Lisogeze suke moja la leucantha machoni. Ile zambarau unayoiona kutoka barabarani si ua. Ni kikombe kinachobeba ua, kimefunikwa manyoya hadi kinapofumba. Ua lenyewe ni jeupe, dogo, lenye midomo miwili, na hutokeza katikati ya kikombe. Ua jeupe likimaliza kazi hudondoka, na kikombe hubaki na rangi yake kwa wiki kadhaa. Ndiyo sababu suke linaonekana zuri hata limekwisha. Mtu asiyejua hungoja liwe baya ndipo alikate, na kufikia hapo mmea umepoteza nguvu nyingi ukilea mbegu. Angalia weupe: usipoona ua jeupe jipya likitokeza kwenye ncha, suke hilo limemaliza.

Nyingine nitazipitia haraka. Salvia guaranitica ya Amerika ya Kusini ina maua ya bluu iliyoiva na hutambaa chini kwa chini, kwa hiyo ipe mahali ambapo haitamsumbua jirani. Salvia microphylla ni kichaka kidogo cha maua mekundu au ya waridi, na kuna aina yake ya rangi mbili, nyeupe na nyekundu kwenye ua lilelile, ambayo hubadilika kuwa nyekundu tupu au nyeupe tupu kufuatana na hali ya hewa. Haijaugua, iache. Salvia elegans majani yake yananukia nanasi. Salvia farinacea ni fupi, ya bluu, nzuri kwa kingo za njia. Salvia splendens ndiyo nyekundu inayopandwa sana mbele ya hoteli na ofisi. Kwao Brazili ni ya kudumu, lakini huchoka mapema, na mimi huihesabu kama ua la msimu. Ile ya jikoni, Salvia officinalis, imetoka pwani za Mediterania na huchukia kulowa. Ipande kwenye chungu peke yake.

Ukinunua, usichague mche wenye maua mengi. Chagua mfupi, wenye matawi manne au matano yanayotoka chini. Geuza jani uone mgongo wake: wakiruka vijidudu vyeupe kama unga, urudishe. Muuzaji akikasirika, sogea kwa mwenzake, miche iko kila barabara mji huu.

Udongo: kabla ya yote jua unakanyaga nini

Nairobi ina udongo wa aina mbili zisizopatana. Kuanzia Westlands, Karen, Kikuyu hadi Kiambu ni udongo mwekundu, ule uliolea kahawa. Maji hupita ndani yake, mizizi hushuka bila shida, na salvia hapo inahitaji shimo lenye kina na upana wa sentimita 40, lililochanganywa samadi kavu iliyooza kiasi cha karai dogo. Basi. Ukiongeza zaidi utapata majani mapana, matawi marefu laini yanayoanguka, na maua kidogo.

Upande wa Embakasi, Syokimau, Kitengela na sehemu za Lang'ata ni udongo mweusi wa pamba. Huo ukinyeshewa huvimba na kushika maji, ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono na kukata mizizi. Wateja wangu wa huko wengi hufanya jambo linaloonekana la busara: wanachimba shimo, wanatoa udongo mweusi, wanajaza mwekundu walioununua kwa lori. Mvua ya Aprili ikija, shimo hilo linakuwa bakuli. Maji ya uwanja mzima yanateremkia humo na hayana pa kutokea, na salvia inaoza mizizi ikiwa na udongo mzuri pande zote.

Kwa udongo mweusi panda juu. Inua tuta la sentimita 30 au zaidi kwa mawe, matofali au mbao chakavu, ulijaze udongo mwekundu sehemu mbili, samadi iliyooza sehemu moja, mchanga wa mto sehemu moja. Chini ya tuta vunjavunja udongo mweusi kwa jembe la meno ili mizizi ipate njia baadaye, na acha upenyo mmoja wa maji kutoka. Usitumie mchanga wa baharini wala vumbi la mawe la fundi.

Samadi iwe ya zamani. Ikiwa bado inanuka ng'ombe au ina joto ukiingiza mkono, iache ikae. Mbolea za dukani, hasa ya kukuzia majani, sizitumii kabisa kwa salvia iliyo ardhini.

Jua letu halifuati vitabu vya Uingereza

Salvia inataka jua la moja kwa moja angalau saa 6 kwa siku. Hapo watu wengi hufuata ushauri wa kupanda upande wa kusini wa nyumba, ambao ni kweli kwa mtu wa London. Nairobi jua hutembea. Kuanzia katikati ya Machi hadi Septemba liko kaskazini mwetu saa sita mchana. Kuanzia mwisho wa Septemba hadi katikati ya Machi liko kusini. Ukuta au kibaraza kinachotazama kusini kinakosa jua la mchana karibu nusu mwaka, na nusu hiyo ina Juni, Julai na Agosti ndani yake, miezi ya mawingu na ubaridi. Salvia iliyo hapo hurefuka kutafuta mwanga, hupata ukungu, halafu mwenyewe analaumu mche.

Ukiwa na uchaguzi, panda mahali palipo wazi, ama upande wa mashariki unaopata jua la asubuhi mwaka mzima. Magharibi pia panafaa, ila Februari utamwagilia zaidi. Ukiwa na kibaraza cha kusini tu, panda kwenye ndoo na uihamishe.

Kupanda na maji

Panda mvua ikishashika. Usipande mvua inapotangazwa. Kwa kawaida hiyo ni mwisho wa Machi au Aprili kwa mvua za masika, na mwisho wa Oktoba kwa mvua za vuli. Loweka mche kwenye ndoo kabla ya kuutoa, legeza mizizi iliyojizungusha, uweke kwa kina kilekile ulichokuwa nacho, ukandamize kwa viganja. Leucantha ziachane mita moja. Najua zitaonekana kama zimetengana mno. Ndani ya mwaka zitakuwa zimegusana. Microphylla iachie sentimita 60, farinacea 30.

Siku za mwanzo bila mvua mwagilia kila baada ya siku mbili. Ukiona majani mapya, anza kuunyima kidogo kidogo. Mmea uliokwisha kushika unatosheka na ndoo moja ya lita 10 kwa wiki Januari na Februari, ikimwagwa polepole chini ya shina jioni, kuliko kunyunyiziwa juu kila siku. Maji ya juujuu huita mizizi juu, na mizizi ya juu hukaangwa na jua. Ukiwa na shaka ingiza kidole hadi kifundo cha pili. Kukiwa na unyevu, usimwagilie, hata kama majani yamelegea saa nane mchana. Yaangalie tena saa moja jioni. Yakiwa yamesimama, hayakuwa na kiu, yalikuwa yanajikinga na joto.

Kwa kuwa wengi wetu tunaishi na mgao wa maji, maji ya kusuuza nguo yanafaa, mradi yasiwe na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Maji ya visima virefu angalia: ukiona ukoko mweupe juu ya udongo ni chumvi, na kwenye ndoo chumvi hiyo haina pa kwenda. Mvua ikinyesha toa ndoo nje zioshwe hadi maji yatiririke chini. Halafu tandaza nyasi kavu au majani makavu kwenye udongo, lakini acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Matandazo yakigusa shina wakati wa mvua, shina huoza.

Kukata

Mzee mmoja wa Thome aliniita niangalie salvia zake, mstari mzima kando ya lango.

"Mama, maua yangu yamekuwa kuni," akaniambia.

"Yalikatwa lini mara ya mwisho, mzee?"

"Nikate vipi, na yana maua?"

Hilo ndilo tatizo la Nairobi lilivyo. Kwa kuwa ua halikauki lote siku moja, siku ya kukata haifiki. Basi iweke kwenye kalenda wewe mwenyewe, na ikifika kata, maua yawepo yasiwepo.

Kata kubwa ni moja kwa mwaka: mapema Machi, kabla mvua za masika hazijashika. Sababu ni mbili. Vidonda hukauka kabla ya unyevu, na machipukizi mapya yanapata mvua yote ya Aprili na Mei kukulia. Ukikata Mei mwishoni, mmea unaingia baridi ya Juni ukiwa uchi na utakaa hivyo bila kusonga hadi Septemba.

Kabla ya kukata, inama. Fungua matawi kwa mikono miwili uangalie kitovu cha mmea, pale matawi yanapotoka ardhini. Kwa leucantha, guaranitica na elegans utaona vichipukizi vifupi vya kijani vikitokeza udongoni au chini kabisa ya matawi ya zamani. Vichipukizi hivyo ndio mmea wako wa mwaka huu. Ukiviona, kata kila tawi la zamani libaki sentimita 10 hadi 15 tu. Ndiyo, lote. Mwenye nyumba akiona hushika kichwa; mwambie asubiri mvua.

Usipoona hata chipukizi moja chini, usikate hivyo. Kata nusu ya urefu kwanza, mwagilia, ngoja. Mwanga ukifika chini macho yaliyolala huamka, na yakifika urefu wa kidole unashusha tena. Mstari wa yule mzee tuliukata kwa awamu mbili namna hiyo. Michache ambayo haikutoa jicho lolote chini tuliing'oa, tukajaza nafasi zake kwa vipandikizi vya wenzake.

Microphylla na officinalis ni habari tofauti. Hizo ni vichaka vya mti. Tawi la zamani lisilo na jani, ukilikata humo katikati ya mbao, mara nyingi halichipui tena. Punguza theluthi moja, au nusu ukiwa na uhakika, na kila tawi unaloliacha libaki na majani mabichi.

Mkasi uwe mkali, panga huponda. Ufute kwa spiriti ukitoka kwenye mmea mmoja kwenda mwingine. Kwa waridi tunafundishwa kukata mshazari juu ya jicho, lakini salvia ina macho mawili yanayotazamana, kwa hiyo kata sawasawa, nusu sentimita juu ya jozi, na yote mawili yatatoa tawi.

Kata ndogo ni Septemba, baridi ikiondoka. Hiyo ni ya theluthi moja ya juu tu, kwa kila aina, ili mmea utoe matawi mengi ya kubeba maua ya mvua za vuli hadi Desemba. Halafu kati ya hizo mbili kuna kazi ya kila wiki: kuondoa masuke yaliyokwisha. Usikate suke peke yake ukaacha kijiti kirefu. Shuka nalo hadi jozi ya kwanza ya majani yenye nguvu.

Ukiwa na mimea mingi, usiikate yote siku moja. Mimi huanza na nusu, na nusu nyingine huifuata baada ya wiki mbili au tatu. Hii ni kwa ajili ya chozi. Ndege hawa wenye mdomo mwembamba uliopinda huishi kwa maji matamu ya maua kama haya, na wakizoea bustani hurudi asubuhi na jioni. Aliye mkubwa na mwenye mkia mrefu unaochomoza, rangi ya shaba akipigwa na jua, huyo ni dume la chozi-shaba. Amerika kuna ndege wanaokunywa wakielea hewani. Chozi wetu hupenda kutua kwanza, hivyo wanahitaji tawi lililosimama imara, si lililolala chini. Kukata vizuri kunawapa hilo pia.

Usitupe ulichokata

Katika marundo ya Machi kuna miche ya bure. Chagua ncha zisizo na maua, changa lakini si laini mno: ukilikunja tawi likavunjika kwa mlio, limefaa, likikunjika tu kama uzi, bado. Kata urefu wa kidole cha kati, chini kidogo ya kifundo, kwa sababu mizizi hutokea hapo. Ondoa majani ya chini, bakiza jozi mbili za juu, na yakiwa makubwa yakate nusu kwa mkasi ili yasipoteze maji.

Chomeka kwenye mchanga wa mto uliochanganywa mboji nusu kwa nusu. Pakiti za maziwa zilizooshwa na kutobolewa chini zinatosha, vipandikizi vitatu kila pakiti. Funika kwa chupa safi ya maji ya lita 5 iliyokatwa kitako, kifuniko ukifungue mchana. Weka kivulini penye mwanga. Baada ya wiki tatu hivi vuta kipandikizi kidogo kwa vidole. Kikikataa kutoka, kina mizizi. Kikichanua kikiwa humo, kikate ua hilo mara moja. Kitoe kwenye kivuli polepole, kwanza jua la asubuhi tu, na kikishazoea ukipande.

Julai, na wadudu

Juni hadi Agosti ni miezi ya kuacha mikono. Usitie mbolea, usikate kwa nguvu, na maji punguza, udongo hukauka polepole chini ya mawingu. Unga mweupe juu ya majani, yaani ubwiri unga, huja kipindi hiki kwa mimea iliyobanana. Toa majani yenye unga, ondoa matawi machache ya katikati upepo upite, na usimwagilie juu. Likirudi jua la Septemba unga huo huisha wenyewe kwa mmea wenye nafasi.

Nzi weupe na utitiri hupenda kinyume chake: ukavu wa Januari na Februari, na mimea iliyo chini ya paa ambayo mvua haiigusi. Kwanza osha migongo ya majani kwa maji yenye nguvu asubuhi, mara kadhaa kwa wiki. Hiyo peke yake humaliza mengi. Wakizidi, kijiko cha chai cha sabuni ya maji isiyo na manukato katika lita moja ya maji, au mafuta ya mwarobaini kwa kipimo cha kwenye chupa, upulize jioni nyuki wakishalala. Sumu kali siitumii kwenye salvia na siwapulizii wateja wanaoitaka. Ua hili nyuki huingia mzima mzima kichwa ndani. Na bustani za upande wetu bado zina vinyonga, hata yule wa pembe tatu. Anakula wadudu wengi kuliko utakaowaua kwa pampu, ila akila wadudu wenye sumu anakufa nao.

Konokono hula machipukizi ya Aprili usiku. Toka na tochi uwaokote.

Wasio na ardhi

Mimi mwenyewe ninaishi Zimmerman, ghorofani, na salvia zangu ziko kwenye ndoo za rangi za lita 20. Toboa matundu manane ya ukubwa wa kidole chini, si matatu, na uinue ndoo kwa vipande vya tofali ili matundu yasizibwe na sakafu. Mchanganyiko ni ule wa tuta. Udongo mwekundu peke yake kwenye ndoo hushikamana hadi maji yanasimama juu.

Ndoo moja, mmea mmoja. Microphylla na farinacea ndizo zinazokaa vizuri zaidi. Leucantha inawezekana, lakini utaifunga kwenye mwanzi kwa sababu matawi yake huvunjika kirahisi na upepo wa ghorofani haubembelezi. Tumia kitambaa kilichochanika na ufunge kwa kulegeza. Ndoo hukauka haraka, hivyo Februari ni maji kila siku mbili. Na kwa kuwa kumwagilia huosha rutuba, mmea wa ndoo unaruhusiwa kiganja cha samadi Aprili na kingine Oktoba. Kila Machi ya pili utoe mmea kwenye ndoo, punguza mizizi robo kwa kisu, uurudishe na udongo mpya.

Mmea ukizeeka

Hata ukikata vizuri, leucantha na guaranitica baada ya miaka mitatu au minne hupanuka na kuacha uwazi katikati, pembeni kukiwa kuzuri. Huo ndio wakati wa kugawa. Fanya hivyo Machi baada ya kata kubwa, mvua ikikaribia. Chimba kuzunguka kwa uma wa bustani, inua kitovu chote, na kipasue kwa jembe au kisu kirefu. Vipande vya pembeni vyenye machipukizi na mizizi myeupe ndivyo vya kupanda. Kipande cha katikati kilicho kigumu kipeleke kwenye rundo la mboji. Panda vipande hivyo siku hiyohiyo, visikauke, na usivitie mbolea hadi utakapoona jani jipya. Usichoweza kupanda, kifunge kwenye gazeti bichi umpelekee jirani kabla ya jioni.